Fulana ya Kunyooshea Mkono

Jumatatu, 4 Mei

Muhula umeanza leo na mvua imeanza leo, kana kwamba vimeitana. Mwalimu wa Kiswahili ametuagiza kila mmoja aweke shajara mpaka tufunge shule. Amesema siku isiyo na jambo tuipe mstari mmoja, tusiijaze maneno kama godoro. Mimi hupenda kufuata maagizo, kwa hiyo naanza na siku yenye jambo.

Mwalimu mkuu ametangaza kwamba Siku ya Wazazi ni tarehe tatu Julai. Safari hii wazazi waje na nguo za kawaida, kwa sababu baada ya mkutano watavuta kamba dhidi ya walimu. Aliposema kamba, darasa zima lilinigeukia. Baba yangu ni mpakiaji wa magunia kwenye ghala la nafaka, na mabega yake yanajulikana hata na wasiolijua jina lake. Wenzake wanamwita Winchi. Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, "Baba yako akiishika ile kamba, walimu watafika kwao bila kutembea."

Nilicheka, ila sikumwambia kwamba Baba haji shuleni. Alikuja mara moja tu, mwaka juzi.

Jioni nilimpa habari akiwa ananawa mikono. Akaendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Tarehe tatu Julai," akasema. "Nadhani siku hiyo kuna malori."

Nani anayajua malori ya Julai tangu Mei?

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Nilikwenda maktaba kuazima kitabu, nikakosa. Chumba cha maktaba ndicho kikubwa kuliko vyote shuleni, hata mikutano hufanyika humo, lakini kabati la vitabu limesimama nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi unaliziba. Ukifungwa, mlango wa kushoto wa kabati unagonga fremu na haufunguki. Vitabu vya upande huo tunavisoma migongo tu, kupitia kioo. Kuna kimoja chekundu nimekitamani tangu nikiwa mdogo.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua. Hesabu za sehemu. Nilipata zote isipokuwa moja.

Jumamosi, 16 Mei

Leo nimejua kwa nini Baba haji.

Mama mdogo, mdogo wake Mama, ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake. Alinituma nichukue tambara kwenye kapu ili apanguse mafuta ya mashine. Nikatoa shati jeupe la Baba, lile zuri lenye kola.

"Hili si tambara, Mama mdogo. Hili ni shati zima."

"Hebu linyanyue mkono wa kulia."

Nikalinyanyua. Chini ya kwapa palikuwa na mpasuko ulioshuka mpaka mbavuni.

Mama mdogo akaacha kupangusa mashine, akanisimulia. Mwaka juzi kwenye mkutano wa wazazi Baba alitaka kuuliza swali. Akanyoosha mkono kama wenzake, na shati likalia traaa mpaka mwalimu akanyamaza. Mzazi mmoja wa nyuma akasema, "Jamani, boti limetoboka." Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Kisha akaushusha mkono, akabana kwapa, akakaa hivyo hivyo mpaka mkutano ukaisha.

"Na swali?" nikauliza.

"Alilibana humo humo kwapani. Mimi aliniambia aliponiletea shati, lakini hata mama yako hajaambiwa."

Nilidhani Baba hayapendi mambo ya shule. Nimekaa na shati lile magotini muda mrefu, nikisikiliza mvua juu ya bati.

Jumapili, 17 Mei

Nilimuuliza Baba swali lake lilikuwa lipi.

"Swali ni kama chai," akasema. "Likipoa, unalimwaga."

"Ukipata nguo inayokukaa vizuri, utakuja?"

Baba akatabasamu. Akasema amejaribu nguo zote za dunia. Zinazopita mabegani zinamfanya aonekane mwehu, zinazomkaa kiunoni hazipiti kichwani. "Fulana inayonikaa mimi, mwanangu, bado iko shambani. Ni pamba. Ikivunwa uniambie."

"Ikipatikana, utakuja?"

Akanitazama. "Ikipatikana, nitakuja."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia. Ahadi ni deni, na hii ina shahidi.

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Kitabu chekundu kingali nyuma ya kioo.

Jumamosi, 30 Mei

Mvua ilipumzika kidogo, nami na Mama mdogo tukaenda kwa muuza nguo wa nyuma ya soko. Watu wanamwita Saizi Zote kwa sababu ya wimbo wake: "Saizi zote zipo, usiyejijua saizi njoo ujulishwe." Amerundika fulana juu ya meza ndefu chini ya turubai, na maji ya mvua yametengeneza tumbo kwenye turubai juu ya kichwa chake.

"Fulana ya mtu wa namna gani?" akauliza.

"Mpana," nikasema.

"Mpana wa mabega au mpana wa tumbo?"

"Mabega. Tumbo hana."

"Basi huyo ni tatizo," akasema kwa furaha. "Wanaotengeneza nguo wanaamini mtu akipanuka anapanuka kote, kama puto. Chukueni hii, ndiyo mama yao. Mabega yakiingia mshukuru Mungu."

Tukaichukua, ya kijivu. Nyumbani Baba akaivaa. Mabega yaliingia, na nafasi ya mgeni ikabaki. Mshono wa bega ulikuwa umeteremka nusu ya mkono, mikono ikafika viwikoni, na pindo likapiga mapajani.

"Mume wangu," Mama akasema, "kumbe ulikuwa unajenga, hukutuambia?"

Baba akajigeuza mbele ya kioo. "Mwenye nyumba akitufukuza, tunahamia humu wote."

Analala nayo sasa. Ni fulana nzuri ya kulalia.

Jumanne, 2 Juni

Chuma alijikinga mvua kwetu jioni. Chuma ni kijana wa ghalani anayepakia pamoja na Baba. Akitoka kazini huenda kunyanyua vyuma, kana kwamba magunia ya mchana hayakumtosha. Fulana zake zote zimembana kama ganda la ndizi. Nilikuwa nikimwona mtu wa majivuno.

Alipoiona ile ya kijivu msumarini alitikisa kichwa. "Kaka Winchi, unavaa turubai halafu unashangaa kwa nini watu hawakuoni. Misuli ni mali. Mali haifichwi."

"Na mwizi akiiona?" Baba akauliza.

"Ataibebaje?"

Alisema atamwazima fulana yake kesho, lakini hakungoja kesho. Alikuwa na fulana kavu kwenye mfuko wake, ya njano, yenye picha ya samaki kifuani. Baba aliingizwa ndani yake na watu wawili, Chuma huku na Mama huku. Samaki akawa nyangumi. Baba akawa anasema kwa maneno mafupi mafupi, maana pumzi haikuwa na pa kwenda.

"Vipi?" Chuma akauliza.

"Nitoeni."

Mama mdogo alicheka mpaka akaketi juu ya kapu la vitambaa. Walipokuwa wakimvua Baba, nikaona kwamba Chuma mwenyewe ana alama nyekundu kwapani, pale mshono unapomkata. Alikuwa akizisugua pasipo kujua. Nikamuuliza kama haziumi.

"Uzuri una ushuru wake," akasema. Kisha, Baba alipokwenda kunywa maji, akaongeza polepole, "Nilipokuwa rika lako, mdogo wangu, waliniita Njiti."

Nikamletea kiti.

Jumatano, 3 Juni

Mvua. Jirani yangu wa dawati ana mafua, nami nimeanza kupiga chafya.

Jumamosi, 6 Juni

Mama mdogo amesema kubahatisha sasa basi. "Mtu hapimwi kwa macho. Shemeji, njoo hapa katikati."

Nilipewa kazi ya kuandika. Baba alisimama katikati ya chumba kama mlinzi wa lango la benki: kifua kimejaa, tumbo limerudi ndani, mikono imenyooka chini, macho ukutani. Futi ya kupimia ilipomgusa akakakamaa zaidi.

"Shemeji, pumua."

"Ninapumua."

"Mbona sikuoni?"

Mama akasema tangu siku ya harusi yao hakuwahi kumwona amesimama vizuri hivyo. Niliandika kila kipimo kwa mwandiko wangu bora: kifua, kiuno, bega mpaka bega, mkono. Nilijiona kama daktari.

Baadaye Mama mdogo alinunua fulana nyingine kubwa, ya bluu iliyokolea, akaikata kufuata vipimo vyangu.

Jumanne, 9 Juni

Mvua. Mama mdogo amekata mikono ya fulana. Tunakaribia.

Jumapili, 14 Juni

Hatujakaribia.

Fulana ilikamilika baada ya chakula cha mchana. Baba akaivaa, akasimama vile vile alivyosimama siku ya kupimwa, na ilimkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Tulipiga makofi. Mama akaleta kioo. Chuma, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akasema hata yeye angekubali kuonekana nayo, na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Halafu Baba akaketi.

Pumzi ikamtoka, na kifua cha fulana kikalegea kama mfuko uliomwagwa unga. Kiunoni, ambako siku ile alikuwa amevuta tumbo, kitambaa kikambana mpaka kikafanya mikunjo. Mama mdogo akasema polepole, "Hebu nyoosha mkono."

Baba akaunyoosha. Ulipofika usawa wa sikio, mkono wa fulana ulikuwa umemng'ata juu ya msuli na pindo limepanda mpaka kitovu kiko nje. Kisha tukasikia uzi. Ulikuwa uzi mmoja tu, kwapani. Ulisema ta.

Hakuna aliyecheka, hata Chuma. Baba akaushusha mkono taratibu, akabana kwapa. Nilikuwa nimesimuliwa kule kubana. Leo nimeona kwa macho yangu.

"Tuiache, mwanangu," akasema. "Mama yako atakwenda, atanisimulia."

Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyoniumiza. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mama mdogo aliingia akaniambia kosa ni lake, nikamwambia ni langu, maana vipimo niliandika mimi. Tukavirudia vyote. Hakikukosewa hata kimoja. Sasa sielewi kabisa.

Jumatatu, 15 Juni

Mvua. Sikunyoosha mkono darasani, ingawa majibu nilikuwa nayo.

Alhamisi, 18 Juni

Baba alisahau koti lake la mvua, na Mama akanituma nimpelekee nikitoka shule. Sijawahi kukaa ghalani zaidi ya kusema shikamoo na kuondoka. Leo mvua ilinifungia mlangoni, nikatazama.

Lori lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume mpaka ndani. Baba alikuwa juu yake, akiwateremshia wenzake magunia. Alinyoosha mikono juu ya kichwa, akavuta gunia la juu kabisa, akalipokea kifuani, akainama, akaliweka kwenye bega la mwenzake, akarudi kunyoosha. Mgongo wake ulikunjuka na kukunjika. Kifua kilijaa na kupungua. Na muda wote huo alikuwa anaongea. Nyumbani Baba ni mtu wa maneno machache, lakini juu ya lori anasimulia bila kukatiza, na waliokuwa chini walipokea magunia huku wakicheka.

Nikawa namtafuta yule mlinzi wa benki. Hakutokea hata mara moja.

Nilimpa koti, nikakimbia kwenye mvua bila kujikinga. Mama mdogo alikuwa na pini mdomoni.

"Mama mdogo, tulimpima mtu ambaye hayupo. Baba hasimami vile. Mikono yake haikai chini. Na siku ile alikuwa ameshika pumzi."

Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Miaka yote hii nawapima wanaume," akasema, "na wote wanajaza kifua wakiiona futi. Kwa wenye matumbo haidhuru, maana pumzi yao na tumbo lao vinalipana. Lakini mtu wa kifua kama kile, akikijaza…" Akacheka kidogo, akafuta macho. "Kumbe tulimshonea picha."

Jumamosi, 20 Juni

Tulipanga njama, na Mama aliingia.

Baada ya chai nilimwomba Baba anisimulie habari ya lile lori la magodoro. Ninaijua, lakini nilimwomba kwa uso wa mtu asiyeijua. Akaanza akiwa ameketi. Siku hiyo wote walitegemea magunia, lori limefunikwa, na Baba akapanda kuteremsha la kwanza gizani. Hapo akasimama, maana habari hiyo haisimuliki kwa kukaa.

"Nikashika hivi," akanyoosha mikono juu, "nikasema moyoni, hili ni la kilo mia. Nikavuta kwa nguvu za kilo mia."

Mama mdogo alikuwa nyuma yake na futi, akizunguka kama mtu anayefunga mbuzi asiyejua. Akapima kifua Baba akicheka. Akapima mgongo Baba akiinama. Akapima mkono ukiwa juu, penye msuli, akaacha nafasi ya vidole viwili.

"Ni godoro, mwanangu. Likaruka kama ndege. Nami nikaruka nalo. Tukampitia msimamizi, naye alikuwa anakunywa chai…" Akageuka ghafla. "Shemeji, mnanifanya nini?"

"Tumemaliza, shemeji. Msimamizi akawaje?"

Baba akatutazama sote, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Akaamka siku hiyo juu ya godoro bila kwenda kulala," nasi tukacheka kana kwamba hatujawahi kuisikia.

Jua lilichungulia, tukaenda wote wanne kwa Saizi Zote. Sasa tulijua tunatafuta nini. Mama mdogo hakuuliza saizi. Aliweka kila fulana mgongoni mwa Baba, akatazama kwanza kama mshono wa bega unakaa pale mfupa wa bega unapoishia, wala hauteremki. Akaivuta kwa vidole gumba kuona kama kitambaa kinarudi chenyewe au kinabaki kimezubaa. Akakiinua kwenye mwanga, asije akamvika mtu wavu. Halafu Baba akaambiwa anyooshe mikono yote miwili, kama anayepokea gunia.

"Hii tumbo linasema hodi," Mama akasema.

"Hii?"

"Linachungulia."

Wateja wengine wakasimama kutazama. Saizi Zote alikuwa ameacha kuimba. "Mzee, ukimaliza hapo, naomba urudi kesho," akasema. "Sijawahi kupata watu wengi hivi mezani kwangu."

Iliyofaulu ilikuwa ya kijani kibichi kilichokolea, pamba nzito. Mabegani ilimkaa, kifuani ilimpa nafasi ya kupumua, mikono ilifika katikati ya msuli, na hata alipojinyoosha mwisho wa uwezo wake pindo lilibaki chini ya mkanda. Lakini kiunoni ilikuwa hema kama ile ya kijivu.

"Hilo si neno," Mama mdogo akasema. "Kiuno hushonwa. Bega huchaguliwa."

Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa ukutani mwa moyo wangu. Mwalimu angesema hiyo ni tamathali. Nami namaanisha.

Jumatatu, 22 Juni

Fulana imefuliwa kabla ya kukatwa, ili isinyae ikiwa bado ina ziada. Haikukauka.

Jumanne, 23 Juni

Haikukauka.

Alhamisi, 25 Juni

Imekauka, ikafuliwa tena. Mama mdogo anasema pamba huficha kusinyaa kwake kwa pili. Mvua inatuchungulia kupitia dirishani kama jirani mbeya.

Jumapili, 28 Juni

Mama mdogo ameipunguza kiunoni pande zote mbili, kwa mteremko, kuanzia chini ya kifua. Kile kitambaa kilichobaki amekikata vipande viwili vya pembe nne, akaviingiza chini ya makwapa. Ukitazama huvioni. Ukinyoosha mkono, vinafunguka.

Baba ameivaa akala nayo chakula. Ameongea kuliko kawaida.

Jumanne, 30 Juni

Baba amerudi akasema, "Tarehe tatu kuna malori."

Nikamtazama nione kama ni malori ya Mei. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama fulana, iliyokuwa imetundikwa msumarini karibu na mlango. Ni malori ya kweli, na msimamizi anataka watu wote.

Sikulia. Niliandika insha yangu mpaka mwisho, kisha nikagundua nimeandika mada isiyo yenyewe.

Jumatano, 1 Julai

Chuma alifika amelowa chapachapa. Hakuketi.

"Nimeongea na msimamizi. Zamu ya Ijumaa ya Kaka Winchi naibeba mimi, juu ya yangu."

"Zamu mbili?" Baba akasema. "Utavunjika."

"Misuli yote hii nimeiweka ya nini, ya kupigia picha?" Kisha akamgeukia Mama mdogo, na sauti yake ikapungua. "Dada, na mimi nikikusimulia habari, utanipima?"

"Una habari gani?"

"Ya mtoto aliyeitwa Njiti."

"Njoo Jumamosi," Mama mdogo akasema. "Na usije umejaza kifua."

Ijumaa, 3 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio, ingawa mkono unataka kuanzia mwisho.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na uwanja ukawa ziwa. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba kamba haitavutwa. Wazazi wote waliingia maktaba, sisi wanafunzi tukasimama kando ya kuta. Baba na Mama walipata nafasi kwenye benchi la karibu na mlango. Kila aliyechelewa aliusukuma mlango, nao ukagonga kabati, na kila mara Baba alilitazama kabati kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani akianguka.

Mwalimu mkuu alisoma taarifa. Alisifu darasa letu kwa usafi. Sikumbuki zaidi. Nilikuwa naangalia mshono wa bega la kulia la Baba, uko pale mfupa unapoishia, haukuhama.

Ikafika zamu ya maswali. Mama mmoja aliuliza habari za sare. Mzee mmoja aliuliza swali refu ambalo mwishoni halikuwa swali. Mwalimu mkuu akasema, "Kuna mwingine?"

Baba akanyoosha mkono.

Hakuunyoosha nusu. Aliunyoosha wote, kiwiko kikapita sikio, kama anayepokea gunia la juu kabisa. Sikumtazama usoni. Nilitazama kwapa. Kile kipande cha pembe nne kikafunguka, na hakikusema kitu. Pindo halikupanda. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye miavuli.

"Ndiyo, mzazi," mwalimu mkuu akasema.

Baba akasimama. "Swali langu ni la mwaka juzi. Sijui kama bado linapokelewa."

Watu wakacheka, na kicheko hiki kilikuwa cha kumkaribisha. Mwalimu mkuu akasema maswali ya shule hayaozi.

"Siku ile nilikaa hapa hapa. Kabla wanafunzi hawajatolewa nje, nikamwona binti yangu amesimama pale, ameinamisha kichwa, anasoma migongo ya vitabu kupitia kioo. Nikataka kuuliza." Akalionyesha kabati. "Hilo, linaruhusiwa kusogezwa?"

Walimu wakatazamana. Mwalimu wa maktaba akasema, "Tulilikuta hapo. Tukalizoea. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuuliza."

"Basi nauliza," Baba akasema.

Mwalimu mkuu akalitazama kabati, akatazama mvua dirishani, akawatazama wazazi waliokuja na nguvu zao za kuvuta kamba na hawana pa kuzipeleka. "Linaruhusiwa," akasema.

Tulijipanga mstari, wanafunzi na walimu, tukatoa vitabu vya kulia tukivipokezana mikononi. Vya kushoto vilibaki ndani, maana vilikuwa vimefungiwa. Baba akachutama, akalikumbatia kabati kwa chini. Upande wa pili akaja mzazi mwenye miwani, akavua saa yake. Nilimsikia akisema polepole, "Kaka, mimi ndiye niliyesema boti limetoboka."

"Najua," Baba akasema. "Shika kwa chini, usishike mlango. Nikisema twende, twende."

Mwalimu wa hesabu naye akashika, na wazazi wengine wawili. Baba akasema twende. Mgongo wake ukapanuka ndani ya ile fulana ya kijani mpaka nikaziba masikio. Kabati likanyanyuka, likatembea chumba kizima kama bibi harusi mnene, likawekwa kwenye ukuta wa dirishani bila kugonga. Nikafungua masikio. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Mwalimu wa maktaba akaushika mlango wa kushoto, akauvuta. Ukafunguka wote.

Baba alikuwa analoa jasho. Mbele ya watu wote akanyanyua mikono yote miwili, akachungulia kwapa la kulia, kisha la kushoto.

"Shusha mikono, mume wangu," Mama akanong'ona. "Watu wanatazama."

"Waache watazame," Baba akasema. "Ni kazi ya shemeji yangu."

Jumamosi, 4 Julai

Chuma alikuja kupimwa. Ana maumivu ya mgongo kwa zamu mbili, na anayatembeza kama medali. Habari ya Njiti ni ndefu, na mwishoni Mama mdogo alikuwa ameweka futi chini, anasikiliza tu. Ikabidi aanze kupima upya.

Jumatatu, 6 Julai

Hakuna mvua. Nimeazima kile kitabu chekundu. Kumbe ni habari za nyuki. Nilipofika nyumbani fulana ya Baba ilikuwa kwenye kamba. Mama ameitundika kwa vibanio kwenye mikono yake, na fulana imeinyoosha yote miwili.